Madoa ya Vitabu vya Mitwaba

Watu husema kwamba mimi, Liévin Numbi, nina mdomo mkubwa. Ni kweli. Mungu alinipa mdomo, akanipa na macho makali, kisha akasahau kunipa subira. Lakini mwaka wa 1955, kwenye mkutano mkuu wa wakutubi wa Katanga, hapa hapa Élisabethville, nilinyamaza. Mara moja tu maishani mwangu. Nitawasimulia ilikuwaje, tena kwa Kiswahili cha kitabu, maana mimi ni mtu wa vitabu. Ila watu wengine wakisema, nitawaacha waseme kama tunavyosema huku kwetu.

Wakati ule nilikuwa na maktaba kule Mitwaba. Msicheke nikisema maktaba. Lilikuwa kabati moja la mbao ya mulombwa, milango miwili na kufuli, ndani vitabu mia mbili na kumi na viwili, limekaa katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya serikali. Wasomaji wenye kadi walikuwa thelathini na mmoja. Mzungu akisoma namba hiyo anatikisa kichwa kwa huruma. Hajui namna tunavyosoma.

Kwetu Mitwaba mtu hasomi peke yake. Ukionekana umekaa pembeni na kitabu, mdomo umefungwa, watu watakuuliza kama umefiwa. Mwenye kadi anakuja kwangu, anachukua kitabu, anakipeleka kwenye lupango yake, yaani uani kwake, anakaa karibu na jiko na kusoma kwa sauti. Wanawake wanasonga bukari, ugali wetu, huku wanasikiliza. Wanaume wanatengeneza baiskeli huku wanasikiliza. Majirani wanakuja na viti vyao. Pakifika mahali patamu, mmoja anasema, "Lete nione ile picha," na kitabu kinazunguka mikono yote, yenye unga, yenye mafuta ya mawese, yenye majivu. Kadi moja, masikio ishirini. Fanyeni hesabu wenyewe.

Basi barua ikaja mwezi wa saba, na lori la pamba. Kila mwaka mwezi wa nane, wakati wa baridi na vumbi, sisi wakutubi wote tuliitwa mjini kwa mkutano wa siku tatu, na kila mmoja aliagizwa kuleta vitabu ishirini ambavyo Mkaguzi amevichagua kwa namba, ili avipime usafi. Kila maktaba ilianza na pointi mia. Doa moja, pointi moja inaondoka. Sheria hiyo ilikuwa ya Mkaguzi mwenyewe, Bwana Hespel, mzee mwembamba aliyetembea na lupu, kioo cha kukuza, mfukoni kama fundi wa saa.

Barua yangu ilitaja namba za vitabu ishirini. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja zaidi: "Mkutubi wa Mitwaba alete pia ufunguo wa kabati."

Nilipousoma, nilijua maana yake. Mwaka uliotangulia mwenzetu mmoja wa upande wa Luapula aliagizwa ufunguo vivyo hivyo. Alirudi kwake bila ufunguo, na wiki mbili baadaye lori likaenda kulichukua kabati lake na kumwachia chumba kitupu. Mjini kulikuwa na mtaa mpya, Katuba, unakua kila siku, na haukuwa na maktaba. Kabati jipya halikuwapo. Kwa hiyo kabati la mtu mmoja lingehama, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Mke wangu Germaine alinifungia vitabu kwa kitambaa cha kanga, kimoja kimoja.  Aliyeniaga kwa maneno ni Mama Virginie, mkunga wetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, aliyenisubiri kwenye lori asubuhi ya safari.

"Numbi," akasema, "ule ufunguo inatoka mu Mitwaba, inarudia mu Mitwaba. Ukirudia mikono mutupu, usipite ku mulango yangu."

"Mama, niko na kinywa. Nitasema."

"Kinywa yako tunaijua. Mara hii sema kintu chenye kusaidia."

Haya! Hiyo ndiyo baraka niliyosafiri nayo. Siku mbili kwenye lori hadi Jadotville, kisha treni, na ufunguo shingoni kwenye kamba ya kiatu.

Mfukoni nilikuwa na kitu kingine, na lazima niwaeleze. Zamani zile vitabu vingi kutoka Ulaya vilikuja havijakatwa. Karatasi kubwa hukunjwa mara nyingi ili iwe kurasa, na pale mkunjo ulipo, kurasa hubaki zimeshikana. Huwezi kusoma mpaka upitishe kisu, ukurasa kwa ukurasa. Kisu changu kilikuwa cha shaba, ubapa wake mwembamba kama jani la muhindi. Baba yangu alikifua mwenyewe mwaka aliopumzika kazi ya tanuru, baada ya miaka ishirini na sita ya kumwaga shaba ya watu wengine. Alisema hicho kipande ndicho cha kwanza kilichokuwa chake. Nilikata nacho vitabu vyote mia mbili na kumi na viwili. Wenzangu wote wa mkutano walikijua, lakini hakuna mtu mwingine aliyekigusa.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa parokia moja ya cité, yaani mtaa wa sisi Waafrika. Jamani, mngetuona! Wakutubi sitini, tai shingoni, viatu vimepigwa rangi, wengine kutoka kambi za mgodi, wengine kutoka kambi za reli, wengine kutoka misheni za mbali ambazo hata ramani inazisahau. Kila mmoja alikuwa na meza yake, juu yake vitabu ishirini, na kibao chenye jina la mahali. Tulipitapita kwenye meza za wenzetu kama watu wa sokoni, tunashika, tunapima, tunasengenya. Napenda sana mikutano hiyo. Ni siku tatu tu kwa mwaka ambapo mtu anaweza kulalamika juu ya kadi iliyopotea na watu sitini wakamwelewa.

Meza yangu ilikuwa kama jikoni, madoa matupu. Sitaficha. Nilivipanga vitabu kwa namba, nikakaa kifua mbele.

Meza ya pili kutoka kwangu ilikuwa ya Mokambo, kule mpakani. Kitambaa cheupe, maua kwenye glasi, na cheti ndani ya kioo: maktaba safi kuliko zote, mwaka wa tatu mfululizo. Nyuma yake alisimama Donat Chileshe, mrefu, kalamu tatu mfukoni. Alinizidi miaka kumi, nami nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, wala si kwa adabu tu. Tulipofanya mafunzo mwaka wa 1951, yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kujaza kadi yangu ya kwanza, mkono wake juu ya mkono wangu.

"Yaya Donat," nikamtania, "bitabu byako binangaa hivi! Unabipakaka mafuta asubuyi na mangaribi?"

"Ni usafi, ndugu yangu. Kwangu, muntu ananawa mikono na sabuni mbele ya kugusa kitabu."

Nikachukua namba 14, kitabu cha kufuga nyuki. Kadi ya nyuma ilijaa mihuri. Nilihesabu: kimeazimwa mara ishirini na sita. Nikataka kuona picha ya mzinga. Nikafungua. Hakikufunguka.

Nikajaribu mbele zaidi. Kurasa zilikuwa zimeshikana, mkunjo mzima, tangu siku kilipotoka kiwandani. Nikachukua namba 30. Vile vile. Namba 51. Vile vile! Ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu ndio uliopata hewa.

Damu ikanipanda kichwani. Miaka mitatu! Miaka mitatu Bwana Hespel alitupiga na jina la Mokambo kama fimbo. Tazameni Mokambo. Igeni Mokambo. Na Mokambo hakuna mtu aliyesoma hata mstari mmoja.

"Yaya," nikasema, na sauti yangu, mnaijua, haina chumba cha siri, "ii kitabu banakisoma mara makumi mbili na sita, na hakuna hata muntu moja alikata karatasi?"

Donat akanishika mkono. 

"Sema pole-pole. Nakuomba." Akatazama huku na huku. "Bantu banakuya kuandikisha jina, njo vile. Banatafuta kadi ya ba évolués, ile serikali inapatia bantu beusi 'benye kustaarabika'. Muzungu akiuliza, 'Unasomaka bitabu?' anajibu, 'Ndiyo bwana, jina yangu iko mu biblioteke.' Ninaandika jina, ninapiga muhuri, anaenda. Kitabu haitoke hata mu kabati."

"Na weye unabaacha tu!"

"Mwaka ya kwanza balinipa cheti juu bitabu bilikuwa safi. Mwaka ya pili nikaanza kuogopa doa. Mwaka ya tatu, muntu akiingia na mikono yake tu, roho yangu inaruka. Niko na batoto sita, Numbi. Nyumba ni ya kazi. Usiseme."

Nilimtazama. Nilitaka kumpiga ngumi, na wakati huo huo nilitaka kumshika bega. Mambo yote mawili kwa mkono mmoja hayawezekani, basi nikarudisha kitabu juu ya kitambaa chake cheupe na kwenda zangu. Sikumwahidi kitu.

Saa nane mchana tukaketi wote. Bwana Hespel alipanda jukwaani na daftari lake. Akasoma pointi, maktaba moja moja. Mokambo, mia kwa mia, maana asubuhi kitabu chenye kingo safi hakukifungua kabisa. Makofi. Donat aliinama, nami niliona kwamba hakuinama kwa heshima, alijificha. Akaendelea kusoma, akashuka, akashuka, mpaka akafika chini kabisa.

"Mitwaba. Kumi na moja."

Ukumbi ukavuta pumzi. Kumi na moja! Hata mimi sikujua kwamba ni kidogo namna ile.

"Numbi, kuja hapa," akasema. Alizungumza Kiswahili cha wazungu, kilichonyooka kama reli. "Vitabu vya serikali umefanya kama kitambaa cha jikoni. Katuba wanangoja kabati. Weka ufunguo hapa mezani."

Nikatoka kwenye kiti changu. Watu wengine, wakiitwa hivyo, magoti yanawasaliti. Yangu hayajawahi. Nilichukua vitabu vyangu vyote ishirini, nikavibeba mpaka jukwaani, nikaviweka mbele yake. Kisha nikavua kamba shingoni, nikaweka ufunguo juu ya vitabu.

"Ufunguo huu hapa, Bwana," nikasema. "Lakini kabla hujauchukua, chagua doa."

"Nini?"

"Doa lolote. Weka kidole, nami nitakwambia ni la nani."

Watu wakaanza kucheka nyuma. Bwana Hespel alidhani namdhihaki, akakunja uso, akafungua namba 112, kitabu cha useremala, akaweka kidole.

"Hiyo ni gundi," nikasema. "Ni ya Stanislas, seremala wetu. Huo ni ukurasa wa kuunga mbao bila msumari. Alikiweka kitabu juu ya meza ya kazi, akasoma kwa jicho moja na kupima kwa jicho lingine. Mlango wa kanisa letu umetoka kwenye ukurasa huo. Njoo uusukume, hautoi hata sauti."

Akafungua kingine, haraka zaidi.

"Hiyo ni nta ya mshumaa. Katekista Léonard. Wanamlazimisha kusoma mpaka mshumaa uishe, ukiisha wanamletea mwingine. Hayo mawese, pembeni, ni ya mke wake. Alimnyang'anya kitabu kuona kama yule msichana wa hadithi ameolewa."

Ukumbi ulikuwa unacheka wazi sasa, kicheko kizuri, cha watu wanaojua habari hizo kwao. Bwana Hespel akatoa lupu. Akaonyesha kona moja iliyoliwa.

"Na hii?"

"Hiyo ni mbuzi, Bwana. Sitakudanganya."

Lo! Walipiga meza. Hata yeye mdomo wake ulicheza kidogo, akaubana. Akachukua namba 7, kitabu chembamba cha kutunza mama na mtoto mchanga. Katikati palikuwa na doa kubwa, la rangi ya kutu.

"Mafuta tena," akasema.

 Kicheko kikaisha chenyewe.

"Hapana, Bwana. Hiyo ni damu. Mama Virginie, mkunga wetu, hajui kusoma. Usiku mmoja mtoto alitokea kwa miguu kwanza. Alimwita binti wa jirani mwenye kadi, akamsimamisha mlangoni na taa, akamwambia, 'Soma kubwa.' Binti akasoma, yeye akafuata mstari kwa mstari. Binti aliposita, Mama Virginie aligeuza ukurasa kwa mkono wake mwenyewe, bila kunawa, maana hakukuwa na wakati. Mtoto yuko. Anaitwa Jeanne. Ana miaka miwili, na ananiita mjomba."

Bwana Hespel alikishika kitabu kile muda mrefu. Nilifikiri, nimeshinda. Kweli nilifikiri hivyo, na kifua kilinijaa.

Lakini mtu aliyetunga sheria haiachi kirahisi.

"Unasema vizuri, Numbi," akasema. "Labda ni kweli, labda si kweli. Wewe ni fundi wa maneno. Lakini tazama." Akaelekeza kidole kwenye meza ya Mokambo. "Pale wameazima mara mia tisa mwaka huu. Mia tisa! Na hakuna doa hata moja. Basi inawezekana kusoma bila kuchafua. Kama Mokambo wanaweza, kwa nini Mitwaba hawawezi? Nieleze hapo."

Mnaona? Jibu lilikuwa mdomoni, limeiva. "Fungua namba 14, Bwana." Maneno machache tu. Ufunguo ungerudi shingoni mwangu dakika ile ile. Mkono wangu uliingia mfukoni wenyewe na kushika kisu cha baba.

Nikamtazama Donat. Alikuwa ananitazama, na uso wake ulikuwa umekwisha kukubali. Hakuwa ananiomba tena. Nikakumbuka mkono wake juu ya mkono wangu, na ile kadi ya kwanza. Nikamkumbuka na Mama Virginie mlangoni kwake. Sema kintu chenye kusaidia. Eh Mungu wangu, kumsaidia nani?

Nilisimama pale mbele ya watu sitini, na nilinyamaza. Niliuma ulimi mpaka nikasikia ladha ya chumvi. Wale wanaonijua walianza kunong'ona, "Numbi anaumwa?"

"Basi," akasema Bwana Hespel. Akachukua ufunguo.

Hapo nikasikia kiti kikisukumwa.

"Numbi," akasema Donat. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama mtu anayeomba chumvi. "Unipe kisu yako."

Alikuja katikati ya viti, akanyoosha mkono. Sijawahi kumpa mtu kisu kile. Nikampa. Akarudi kwenye meza yake, akaondoa maua, akachukua namba 14, akaingiza shaba kwenye mkunjo, akavuta.

Krrsss.

Ile sauti kila mkutubi anaijua. Ni sauti ya kwanza ya kitabu kipya. Tunaisikia mara moja tu kwa kila ukurasa, na hairudi tena. Watu sitini waliisikia, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Donat akageuza, akakata tena. Krrsss. Na tena. Vumbi jeupe la karatasi lilianguka juu ya kitambaa chake. Hakuna aliyecheka. Nyuma kabisa mtu mmoja alisema polepole, "Mia tisa!" na jirani yake akamwambia anyamaze.

Alikata kurasa kumi, labda kumi na mbili. Kisha akaweka kisu chini, akatazama jukwaani.

"Bwana," akasema, "bantu ba Mitwaba banasoma. Ba kwangu banaandikwa tu. Mulipenda bitabu safi, nikawapa bitabu safi. Kosa ni yangu. Lakini ile sheria, ni yenu."

Lo, niliogopa kwa ajili yake. Mwaka wa 1955, kumwambia mzungu hivyo, mbele ya watu! Lakini niwaambie ukweli, nilijivuna pia. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Huyu alijiumbua mwenyewe kabla ya kifo.

Bwana Hespel alivua miwani. Alishuka jukwaani, akaenda mpaka meza ya Mokambo, akajaribu vitabu kimoja kimoja kwa ukucha. Kumi na tisa vilikuwa vimefungwa. Alipomaliza alisimama tu, anakitazama kile cheti chenye sahihi yake mwenyewe. Nadhani hakuna aliyepata aibu siku ile kuliko yeye, ingawa alikuwa na mahali pengi pa kuificha.

Donat akatoa ufunguo wake mfukoni, akauweka juu ya kitambaa, bila kuambiwa.

"Katuba watapata kabati la Mokambo," akasema Bwana Hespel. "Na wewe, Chileshe, utalifuata. Mwaka mmoja wa kujaribiwa. Mwezi wa nane ujao nitaona."

"Na doa moja, Bwana," nikauliza, maana ulimi ulikuwa umepona, "litakuwa pointi ngapi?"

"Numbi, chukua ufunguo wako, ukae chini."

Nikauchukua! Nikaubusu mbele ya wote. Waseme wanavyotaka.

Siku ya mwisho, watu wakifunga mizigo, nilimkuta Donat peke yake mezani, anakata. Alikuwa amefika kitabu cha tano. Alitaka kunirudishia kisu, kwa mikono miwili.

"Hapana," nikasema. Nikatoa kadi tupu ya kuazima, nikaandika mbele yake: kisu kimoja cha shaba, mwazimaji, Donat Chileshe, siku ya kurudisha, mkutano ujao. Nikaigonga muhuri wa Mitwaba, nikampa.

"Weye ni mujinga, Numbi," akasema, na machozi yalikuwa yanamshuka bila kujificha.

"Ni mujinga mwenye muhuri. Ukichelewesha, nitakuandikia barua."

Mama Virginie alikuwa kwenye kituo cha lori niliporudi, na mtoto Jeanne mgongoni.  Alivuta kamba shingoni mwangu mpaka ufunguo ukatoka ndani ya shati, akautazama, akaurudisha mahali pake.

"Ulisema nini?" akauliza.

"Nilinyamaza, Mama."

"Wongo!" akasema, na mpaka leo haamini.

Mwaka uliofuata lupu haikuonekana. Bwana Hespel alipita meza kwa meza na daftari, akiweka kidole kwenye doa na kuuliza, "Hii ni ya nani?" Mkutubi asiyejua alipoteza pointi. Wengine walikuwa wameanza kupaka mawese wenyewe, wajanja, lakini walikwama kwenye majina.

Donat alikuja amechelewa, kutoka Katuba kwa miguu, na sanduku kichwani. Hakuwa na kitambaa cheupe. Kwanza kabisa akanipa kadi yangu, imekunjwa vizuri, kisha kisu. Nilipitisha kidole gumba kwenye makali. Hayakuwapo. Shaba ilikuwa imelika, laini kabisa, butu kama kijiko.

"Unisamehe," akasema. "Niliikata yote. Mia mbili na makumi nane."

 Nikachukua namba 14 juu ya sanduku ili nipate mahali pa kuangalia. Kilifunguka chenyewe, kwenye ile picha ya mzinga, na kidole changu kikanata. Nikakinusa. Asali.

"Ya nani?" nikauliza.

"Ya Chanda, wa laini ya tatu mu Katuba," akasema Donat, hata bila kutazama kitabu. "Iko na mizinga ine sasa. Muke yake Victorine njo anamusomeaka."

Nikachana ile kadi, nikatia kisu mfukoni. Sijakinoa tena.